Hewa ya ukaa ikishaingia baharini huenda wapi?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kisumu. Wanafunzi wangu wamesoma kwamba bahari hufyonza sehemu ya kaboni dayoksaidi (hewa ya ukaa) inayotoka viwandani na kwenye magari, nao wakauliza: kwa ukubwa wake wote, mbona isiifyonze yote? Je, Ziwa Victoria nalo husaidia?

JIBU: Mwalimu, kila mwaka bahari hupokea takribani robo ya kaboni dayoksaidi itokanayo na shughuli za binadamu. Kinachoizuia kupokea zaidi si uhaba wa nafasi, bali hasa ni kwamba maji husafiri polepole mno kuelekea kilindini.

Gesi hii huingia majini pale kiwango chake hewani kinapozidi kile cha maji. Ikishayeyuka, sehemu kubwa huungana na maji pamoja na kaboneti iliyomo (aina ya kaboni iliyoyeyuka majini) na kugeuka bikaboneti, ambayo si gesi tena, ndiyo maana maji ya bahari hubeba kaboni nyingi kuliko maji matamu. Lakini kaboneti hiyo hupungua kadiri inavyotumika, na asidi huongezeka: pH ya maji ya juu (kipimo ambacho hushuka asidi inapozidi) imeshuka kutoka karibu 8.2 kabla ya enzi ya viwanda hadi karibu 8.1, tofauti ndogo kuisoma, ingawa maana yake ni kwamba ayoni za haidrojeni, yaani chembe zinazoleta asidi, zimeongezeka kwa zaidi ya robo.

Tabaka la juu, linalokorogwa na upepo, huweza kulingana na hewa katika muda wa mwaka mmoja hivi. Chini yake kuna maji baridi na mazito, na katika nchi za joto kama zetu maji moto ya juu huelea tu bila kuzama. Njia za kushukia ni chache: kaskazini mwa Atlantiki, karibu na Greenland, na kandokando ya Antaktika, ambako maji hupoa na kuwa mazito hata yakazama na kaboni yake. Bahari ya Kusini, inayoizunguka Antaktika, peke yake huchukua karibu asilimia 40 ya kaboni ya binadamu inayoingia baharini, ijapokuwa sehemu kubwa ya kaboni hiyo huishia kina cha kati na kusambazwa kaskazini. Wanasayansi huifuatilia safari hii kwa alama tulizoziacha wenyewe bila kukusudia, yaani gesi za majokofu ya zamani na kaboni nururishi (kaboni inayotoa mionzi) ya majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960.

Ziwa Victoria lina kina cha wastani cha mita 40 hivi, na maji yake huchanganyika kila mwaka, kwa hiyo halina kilindi cha kuficha kaboni kwa karne nyingi. Bahari, yenye wastani wa mita 3,700, huchukua takribani miaka 1,000 kuzungusha maji yake, na hata uchafuzi ukikoma leo, kilindi chake kitaendelea kupokea kaboni ambayo tayari tumeshaitoa.