Mustang ya supachaja au supakaa? Hesabu ya mita 400 kwenye hewa ya Uganda

Video nyingi za Mustang iliyoongezewa nguvu ikiiacha supakaa kama Lamborghini kwenye mstari ulionyooka zimepigwa Florida, Houston au Dubai, karibu kabisa na usawa wa bahari. Ukiyaleta magari hayo mawili Uganda, mshindi anaweza kubadilika kabla dereva hajakanyaga. Entebbe iko mita 1,155 juu ya usawa wa bahari, Kampala kama mita 1,200, Mbarara juu zaidi. Kwa kimo cha Kampala mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu asilimia 13, na joto la mchana linaifanya hewa iwe nyepesi kuliko hapo. Anayetaka kujenga gari la mstari hapa kwetu aanze na jambo hili kabla ya kuagiza spea yoyote.

Injini inayovuta hewa yenyewe inapoteza nguvu karibu sawasawa na hewa iliyopungua. V8 ya Mustang GT ya 2018, yenye nguvu farasi 460 kwenye makaratasi, ikifika Kampala inabaki na kama 400. Lamborghini Huracán ya V10 nayo haina turbo, kwa hiyo ile 610 yake inashuka hadi kama 530. Turbo, pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa injini, ni habari nyingine: kompyuta ikiona hewa ni pungufu, inaiacha turbo izunguke kwa kasi zaidi mpaka injini ipate kiasi kilekile. McLaren 720S, yenye V8 ya lita 4 na turbo mbili, inapoteza kidogo sana. Gharama yake ni hewa ya moto zaidi na turbo inayofanya kazi karibu na kikomo chake.

Wengi wanakosea kwenye supachaja. Wanadhani kwa kuwa inasukuma hewa, mwinuko hauihusu. Supachaja inazungushwa na mkanda wa injini, kasi yake imefungwa na ukubwa wa puli, na haijui kama iko Mombasa au Kampala. Seti inayotoa psi 10 pwani itakuonyesha psi 8.6 hivi hapa, na nguvu zinashuka kwa kiwango kilekile cha injini ya kawaida. Mtu aliyezoea Subaru ya turbo hajawahi kuliona tatizo hili, ndiyo maana linamshangaza anapohamia V8.

Dawa ni puli ndogo zaidi ya supachaja. Hewa ya pwani ni psi 14.7, ukiongeza 10 unapata 24.7. Hapa unaanza na 12.7 tu, kwa hiyo supachaja lazima izunguke haraka zaidi kwa karibu asilimia 15. Kama puli yako ni milimita 90, unahitaji karibu 78. Saa ya kupima itasoma psi 12 na wala usishtuke, kwani hewa inayoingia kwenye silinda ni ileile ya psi 10 ya pwani. Kabla ya kuifunga, soma kikomo cha mizunguko cha supachaja yenyewe, kisha angalia mkanda unaishika puli kwa upana gani. Puli ndogo inashikwa na sehemu fupi ya mkanda, na mkanda ukianza kuteleza utaona psi inapanda vizuri hadi mizunguko 5,500 halafu inashuka badala ya kuendelea kupanda. Ukiona vumbi jeusi la mpira pembeni ya puli, jibu unalo.

Sasa petroli. Namba ya oktani kwenye pampu ya Marekani ni wastani wa vipimo viwili vya uwezo wa petroli kuzuia injini isigonge, RON na MON. Namba ya huku ni RON peke yake. 93 ya Marekani ni sawa na RON 97 au 98. Mtu akikuuzia programu ya kompyuta iliyoandikwa kwa 93 nawe ukajaza 93 RON ya kituo cha mafuta, injini itagonga, yaani petroli italipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, na Coyote ya 2018, ile V8 ya Mustang GT, tayari ina mgandamizo wa 12 kwa 1 kabla hujaweka supachaja. Kitu kimoja kinakusaidia: kwenye hewa nyepesi injini haigongi upesi. Lakini ukishafunga puli ndogo umeirudisha ile hewa yote, na nafuu hiyo imekwisha. Mwambie anayeandika programu ni petroli ya RON ngapi unayoipata kweli, tena ile mbaya kabisa ya wiki, si ile nzuri. Usiijenge injini yako kwa E85, mafuta ambayo sehemu yake kubwa ni ethanoli, kama huna mahali pa kuipata kila unapoihitaji.

Kwa kukadiria gari litafanya nini, ipo hesabu ya zamani ya watu wa mstari. Chukua uzito wa gari na dereva kwa kilo, gawanya kwa nguvu farasi, tafuta kipeuo cha tatu cha jibu, zidisha kwa 7.58. Unapata sekunde za mita 400. Ukigawanya 289 kwa kipeuo kilekile unapata spidi ya kumalizia kwa kilomita kwa saa. Challenger Hellcat ya nguvu farasi 707, kama kilo 2,100 ikiwa na dereva, inatoka sekunde 10.9 na kilomita 201. Dodge wenyewe walitangaza 10.8 kwa tairi laini za mashindano na 11.2 kwa tairi za barabarani. Hesabu haiko mbali.

Ipigie Mustang yenye supachaja ya nguvu farasi 700 na kilo 1,880: pwani sekunde 10.5, Kampala kwa puli ileile sekunde 11. Nusu sekunde kwa spidi ya kilomita 200 ni kama mita 28, yaani magari sita yaliyopangwa. McLaren walitangaza sekunde 10.3 kwa 720S ikiwa haijaguswa, na hapa haitakuwa mbali sana na hiyo. Kwa hiyo hata Mustang yenye nguvu zaidi ya hiyo, iliyoishinda 720S pwani kwa pua, inaweza kuachwa vibaya Garuga, karibu na Entebbe, na hakuna fundi aliyekosea.

Hayo yote ni nguvu. Mita 20 za kwanza zinaamuliwa na tairi na mahali uzito ulipo. Mustang ina zaidi ya nusu ya uzito mbele. 720S ina karibu asilimia 58 nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma. Huracán ya LP 610-4 inasukuma kwa yote manne. Pima muda wa futi 60 za mwanzo, yaani mita 18.3. Kwa tairi za kawaida gari la V8 linalosukuma kwa magurudumu ya nyuma linapata sekunde 2.0 hadi 2.2, kwa tairi laini 1.5 hadi 1.6 ikiwa lami inashika. Kila sehemu ya kumi unayookoa pale inakuwa karibu sehemu moja na nusu mwishoni. Hakuna puli itakayokupa hiyo kwa bei ya tairi mbili. Tairi laini zijaze psi 16 hadi 20 zikiwa baridi, za kawaida usishuke chini ya 26. Zizungushe kidogo zipate joto, ziachie zikianza kutoa moshi. Mvua ikianza, usizipeleke barabarani kabisa: zina mifereji michache na gari linaelea.

Tairi zikishika, kinachofuata ni kuvunjika. Kwenye Mustang ya 2015 na kuendelea, tairi za nyuma zikianza kurukaruka wakati wa kuondoka, toa mguu mara moja, kwani ekseli inaweza kukatika. Kinachosababisha ni bushi laini za fremu ya nyuma. Funga ngumu kwanza, ndipo ufikirie ekseli za nguvu. Gia za pampu ya oili za Coyote nazo ni za unga wa chuma uliogandamizwa, na zikiwa na supachaja hupasuka kwenye mizunguko ya juu, hasa injini ikifika kwenye kikomo cha mizunguko. Zikipasuka, oili inasimama na injini imekwisha. Weka za chuma kilichochongwa, na gia ya kranki pamoja nazo. Usitegemee kuzipata kwenye soko la spea la Kisekka siku ya tatizo. Ziagize na supachaja, maana kazi ya kufungua mbele ya injini ni ileile. Plagi ziwe za baridi zaidi kwa hatua moja, nafasi milimita 0.75 hivi.

Kwa nini ninaitaja Mustang kila mara? Kwa sababu tangu 2015 inatengenezwa na usukani wa kulia kiwandani, jambo ambalo Challenger haijawahi kulipata, na kwa sababu sheria ya Uganda ya 2018 ilizuia kuingiza gari lililotimiza miaka 15, kwa hiyo V8 za zamani zaidi haziingii.

Ukienda kupima nguvu kwenye daino, uliza namba imerekebishwa au la. Marekebisho ya kimo cha Kampala yanaongeza kama asilimia 15. Kwa injini isiyo na turbo ni haki, kwa gari la turbo ni uongo mtupu, kwa sababu turbo imeshafidia yenyewe. Linganisha namba ghafi. Ukitumia kipimo cha GPS kama Dragy, hakikisha mteremko hauzidi asilimia moja, na kumbuka namba nyingi za Marekani zinaanza kuhesabu baada ya gari kusogea sentimita 30. Peke yake hiyo inaokoa sehemu mbili au tatu za kumi za sekunde kwenye muda wa sifuri hadi 100.

Mashindano yafanyike uwanja uliofungwa, chini ya klabu ya FMU, shirikisho la klabu za mbio za magari Uganda, si barabara ya Entebbe usiku. Na kabla ya kupanga mstari, pima nafasi ya kusimamia. Kutoka kilomita 210, kwa breki nzuri na lami kavu, gari linahitaji karibu mita 200 bila kuhesabu muda wa mguu kufika kwenye pedali, na breki za Mustang ya kawaida hazitarudia hilo mara nyingi kabla ya kuchemka. Ruhusu mita 400 baada ya mstari wa mwisho. Kama uwanja hauna, shindaneni mita 200.