Chambo cha kamba wa mtoni: acha utumbo wa kuku, jaribu nazi ya kuchoma

Mkuu mleta uzi, umesema unatega migono (mitego ya kusuka kwa matete) mtoni usiku, chambo chako ni utumbo wa kuku, na asubuhi unakuta kaa, kambale wadogo, na kamba wawili watatu ambao nao wameshatafunwa. Wachangiaji waliotangulia wamekushauri uongeze harufu: dagaa waliooza, vichwa vya samaki, damu ya ng'ombe. Mimi siko nao. Harufu unayo tele. Tatizo ni kwamba umealika mto mzima, na kamba ndiye mnyonge kuliko wote waliofika.

Mimi natega Rufiji ya chini, kule ambako mto bado unapanda na kushuka kwa kufuata bahari. Kamba wa huko ni hawa wenye mikono mirefu yenye koleo, si wale wa baharini. Hachagui chakula. Anakula majani yaliyooza, konokono, wadudu, mzoga wa samaki, na hata kamba mwenzake akimkuta amejivua gamba na mwili bado laini. Kwa kuwa anakula karibu kila kitu, wewe mvuvi una uhuru: chagua kile ambacho yeye anakipenda lakini kaa na kambale hawakigombanii. Nyama na damu ndivyo vinavyogombaniwa kuliko vyote. Kaa akishaingia kwenye mgono, kamba aliye nje haingii, na aliye ndani ataliwa. Kenge naye akinusa utumbo hupasua matete kabisa. Halafu damu mtoni, kwenye mto wenye mamba, na asubuhi ni wewe unayeingia kwenye maji kutoa mtego? Hapana, ndugu yangu.

Chambo changu cha kwanza ni nazi. Vunja nazi iliyokomaa, usiikune. Weka kifuu chenye nyama yake juu ya mkaa mpaka kingo ziwe za kahawia na uanze kusikia ile harufu ya nazi ya kuungua. Usiifikishe kuwa makaa. Kata vipande vikubwa kama nusu ya kiganja, vifunge kwa kamba ya mnazi au uzi katikati ya mgono, mbali na matete ya pembeni. Nazi haimomonyoki haraka, inakaa usiku kucha hata maji yakienda kasi. Kaa haisusi, nisikudanganye, lakini haijii kwa makundi kama anavyoujia utumbo.

Kama nazi imepanda bei, tumia machicha baada ya kukamua tui. Yachanganye na pumba za mahindi, finyanga matonge magumu, yaache yalale mpaka yaanze kuchachuka. Hayo ni lazima uyafunge kwenye kitambaa chepesi, la sivyo yanasambaa na kuisha kabla ya usiku wa manane. Muhogo wa kuchoma pia unafaa, hasa ule uliopita siku moja. Ugali sikushauri, unayeyuka tu na kulisha dagaa wa mtoni.

Samaki nao wana wakati wao. Masika maji yakija mekundu kwa tope na mto umejaa, nazi pekee inakuwa dhaifu, na hapo naongeza kichwa cha perege kibichi. Kibichi, si kilichooza, na wala si cha kukaanga. Watu wanadhani mafuta ndiyo yanayobeba harufu, lakini mafuta yanaelea juu na kwenda zake, wakati kamba yuko chini kabisa kwenye matope. Anachonusa kwa zile ndevu zake ni vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji, vinavyotoka kwenye nyama yenyewe. Ndiyo maana samaki mkavu wa chumvi hafanyi kazi vizuri mpaka umloweke kwanza.

Ukitumia samaki, mfunge jela. Chukua chupa ya maji ya plastiki, itoboe matundu madogo kwa msumari wa moto, tia vipande ndani, tupia na jiwe dogo isielee. Harufu inatoka, koleo la kaa haliingii. Kwa maoni yangu hili peke yake ni nusu ya kazi, na ajabu ni kwamba kwenye uzi huu hakuna aliyelitaja.

Chambo kizuri kinapotea bure mtego ukitazama kusiko. Harufu inashuka na maji, na kamba anaifuata akipanda kinyume cha mkondo, kwa hiyo mlango wa mgono utazame chini ya mto. Kwetu, maji yakijaa kutoka baharini mkondo unageuka, basi tunatumia migono yenye milango miwili. Tega jua linapozama, toa alfajiri, maana huyu ni mnyama wa usiku. Na badilisha chambo kila usiku hata kama kinaonekana kizima, kwa sababu kilichokaa majini kwa muda wa saa kumi na mbili ni makapi tu. Majike wenye mayai chini ya tumbo warudishe.

Kuhusu yule aliyesema uchanganye chambo na utupa (ule mmea wa sumu ya samaki) au dawa ya wadudu "ili kamba walegee": sumu katika uvuvi imekatazwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na hayo maji ndiyo watu wa chini yako wanayochota ya kunywa. Wasimamizi wa jukwaa wangeufuta ule mchango.

Mdau wa Dodoma aliyeuliza kama atapata kamba kwenye bwawa lake kwa nazi: hapana, na chambo hakihusiki. Mabuu wa kamba hawa wakubwa wanahitaji maji yenye chumvi kiasi ili wakue. Jambo hilo lilijulikana wazi mwaka 1961, pale mtaalamu wa FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa), Shao-Wen Ling, alipofanikiwa kukuza mabuu wa ndugu zao wa Asia huko Penang, Malaysia, na ufugaji wa kisasa wa kamba wa maji baridi ukaanzia hapo. Bwawa lisilo na njia ya kwenda baharini haliwezi kuwa nao isipokuwa umenunua vifaranga na kuwapanda. Ziwa Victoria wapo uduvi wadogo wanaomaliza maisha yao yote kwenye maji baridi, lakini hao ni wa nyavu za dagaa, watapita katikati ya matete ya mgono wako bila hata kuinama. Hela ya migono, mkuu, nunulia vifaranga vya perege.