Usifungue hicho kituo kabla watoto hawajapata namba

Dada, simama hapo hapo. Nimesoma uzi wako mpaka mwisho. Kanisa la Githurai 44 limekupa ukumbi Jumatatu hadi Ijumaa ufungue kituo cha masomo, una watoto wakimbizi thelathini na kitu wa Kikongo na wa Kirundi, una walimu wawili wa kujitolea, na unauliza madawati ya bei nafuu yako wapi, walimu walipwe nini, chakula cha mchana kitoke wapi na vitabu vipi vya CBC, yaani mtaala wa umilisi, vinunuliwe kwanza. Halafu katikati ukapachika sentensi moja: "mambo ya usajili tutayashughulikia mbele ya safari." Na watu wamekupigia makofi! Mmoja amekuambia anza tu, Mungu atafungua njia. Huyo ukikutana naye mtaani, vuka barabara.

Hiyo sentensi moja ndiyo iliyotumaliza sisi Kayole. Si madawati, si uji.

Kituo chetu kilikuwa kizuri, sikudanganyi. Ukumbi wa mabati nyuma ya kanisa, ubao uliopakwa rangi mpya, akina mama wakipokezana zamu jikoni, githeri inanukia mpaka barabarani. Watoto walijaa upesi na sisi tukavimba vichwa, tukadhani ni kwa sababu tunafundisha vizuri. Wapi! Walijaa kwa sababu hatukumuuliza mtu karatasi. Mzazi aliyeona majirani wakikamatwa mwaka 2014 wakati wa operesheni ya polisi ya Usalama Watch, wakapelekwa uwanja wa Kasarani kukaguliwa, huyo ofisi yoyote yenye bendera anaipita kwa mbali. Kwetu hakukuwa na bendera. Kwa hiyo kitakapojaa chako, usikimbilie kumshukuru Mungu. Uliza kwanza wanakimbia nini.

Mimi ndiye nilikuwa mweka hazina wa kamati. Msinicheke, hata Yesu alikuwa na mweka hazina wa hovyo, sembuse Kayole. Nilikuwa nimeshauliza swali hili la usajili kwenye kikao, na aliyenijibu ni mshauri mmoja wa shirika moja, bwana wa kitambulisho shingoni na kompyuta mapajani. Akasema anzeni tu, masomo kwanza, usajili utakuja wenyewe, serikali haiwezi kuwaacha watoto. Sauti yake tamu kama ya mtangazaji wa redio. Akapiga picha watoto wakiwa na sahani, akaondoka.

Ilinichukua muda kuelewa kwa nini alisema vile, na hili lishike vizuri. Yule alikuwa na ripoti ya kujaza. Mtoto akiwa kwenye kituo chako chenye bango lake, anahesabika kwake. Mtoto huyo huyo ukimpeleka shule ya msingi ya serikali hapo jirani, ukamnunulia sare na viatu, anahesabika kwa serikali. Kwenye ripoti ya bwana yule mtoto amepotea, ingawa ndiyo kwanza amepatikana. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Nasema mshahara wake haukutegemea kama mtoto atafanya mtihani, na aliongea kama mtu ambaye mshahara wake hautegemei hilo. Mradi ulipoisha, simu yake nayo ikaisha.

Ikaja Novemba 2022, KPSEA ya kwanza kabisa, yaani mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 6. Tulikuwa na msichana mmoja kutoka Bukavu, kichwa chake moto. Hesabu alikuwa anamaliza kabla mwalimu hajakaa chini. Tukasema huyu ndiye atakayetutoa. Mapema muhula wa tatu tukampeleka yeye na wenzake shule ya jirani yenye kituo cha mtihani, tukijua ni jambo la kuandikisha majina na kulipa kitu kidogo cha usumbufu. Naibu wa mwalimu mkuu, mama mpole sana, akafungua mfumo, akauliza: namba zao za tathmini ni zipi?

Namba gani?

Hapo ndipo tulipofundishwa kazi ambayo tulidai tunaifanya. Mtoto wa CBC husajiliwa kwenye mfumo wa KNEC, baraza la mitihani, akiwa Gredi ya 3, anapewa namba, na namba hiyo anatembea nayo. Alama za Gredi ya 6 hazikutokana na ile karatasi ya mwisho peke yake. Mtihani wenyewe ulikuwa asilimia 40. Asilimia 60 ilitoka kwenye tathmini za shuleni za Gredi ya 4, 5 na 6, ambazo shule inazipakia mwaka hadi mwaka. Watoto wetu walikuwa wamefanya tathmini, ndiyo. Tulizitunga wenyewe, tukasahihisha kwa kalamu nyekundu, tukazifungia kwenye kabati la kanisa. Kwa KNEC hawa watoto hawakuwahi kusoma hata siku moja.

Yule mama alijaribu, Mungu ambariki. Alipiga simu mbele yetu. Lakini usajili hufanyika mapema mwaka, si wakati watu wanapamba ukumbi wa mtihani. Msichana wetu Januari iliyofuata akaingia shule ya serikali Gredi ya 5, ana miaka kumi na minne, magoti hayaingii chini ya dawati, akikaa na watoto wa miaka kumi. Mamake, ambaye anauza vitenge kwa kuzunguka nyumba kwa nyumba, alinijia mlangoni. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, kwa heshima zote za kwao: "Baba, ile miaka ilikuwa ya nini?" Wenye majibu mtamjibu nyinyi.

Na usijidanganye kwamba siku hizi mambo yamelegea. Yamekaza. Kuingia sekondari pevu, yaani Gredi ya 10, KPSEA inachangia asilimia 20, tathmini za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na KJSEA ya Gredi ya 9 asilimia 60. Shimo unalochimba leo Gredi ya 4 kwa nia njema, mtoto atatumbukia miaka sita baadaye, wakati wewe umeshahamia Ruiru na kikundi cha WhatsApp kimekufa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitairudia mpaka mnitoe jukwaani: namba kwanza, daftari baadaye. Mtoto aandikishwe kwenye shule inayotambulika, ama ya serikali, ama hizi za mtaani zilizosajiliwa chini ya APBET, mpango wa shule za mtaani zisizo za serikali, na ambazo KNEC inajulikana watoto wake watafanyia mtihani wapi. Uliza hilo la mwisho kwa mdomo wako, usitazame bango. Ukishaona jina lake limeingia, ndipo ufungue huo ukumbi wako, na ufungue mchana baada ya masomo, Jumamosi na likizo. Huko ndiko unakohitajika kweli: Kiingereza, kazi za nyumbani, na mtu wa kumwambia mama barua ya shule inasema nini.

Namna ya kwenda. Usiende peke yako na orodha ya majina thelathini kama unaleta hati ya madai. Nenda na mzazi mmoja mmoja, watoto wawili watatu kwa wakati. Beba nakala ya karatasi ya ukimbizi ya familia, ile wenyewe wanaiita manifesti, na kama mtoto alizaliwa hapa Kenya, hakikisha cheti cha kuzaliwa kinafuatiliwa, maana ana haki nacho hata kama wazazi ni wakimbizi, na NEMIS, mfumo wa serikali wa kuandikisha wanafunzi, ulikuwa ukikiuliza kabla ya kitu kingine chochote. Na umwelewe mwalimu mkuu pia. Shule ya msingi ya serikali hupata shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mtoto aliyeko kwenye mfumo. Asiyeingia kwenye mfumo anakula chaki bila pesa ya chaki, na chaki ni ya mwalimu mkuu. Ndiyo maana anakunja uso, si lazima awe anachukia wageni.

Akikunja zaidi ya hapo, mkumbushe kwa upole Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 34: shule hairuhusiwi kumbagua mtoto anayetafuta nafasi, na lugha imetajwa humo waziwazi. Katiba kifungu cha 53 inasema kila mtoto, haisemi kila mtoto Mkenya. Upole, nimesema. Ukiingia na sheria mkononi kabla ya salamu umeharibu. Akikataa kabisa, ofisi ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo ipo, na mara nyingi kule kutaja tu kwamba utapita huko kunatosha.

Jambo jingine, walimu wasiwashushe watoto madarasa ovyo. Mvulana mmoja alitupwa Gredi ya 2 kwa sababu alifeli hesabu zote za kujaribiwa. Nikaomba ile karatasi. Ile 1 yake alikuwa anaiandika kama walivyomfundisha Kongo, ina mkono mrefu unaoteremka mbele, mwalimu akaisoma 7 kila mahali. Pale penye nukta ya desimali aliweka mkato. Kugawanya alikuwa ameandika kigawanyo upande wa kulia, ndani ya kona, mwalimu akadhani anachora. Majibu yalikuwa sahihi karibu yote. Tukakaa na mwalimu, tukamsomea mstari kwa mstari, akacheka mwenyewe, mtoto akapanda. Kwa hiyo daftari la zamani au ripoti ya shule ya kwao ikiwepo, hata imechanika, nenda nayo.

Madawati, nenda kwa mafundi wa Gikomba, usinunue mapya. Lakini sikiliza, huhitaji madawati thelathini kama watoto watakuwa shuleni mchana kutwa. Unaona hesabu inavyobadilika?

Na umesema una watoto wangapi wa umri wa Gredi ya 4 na ya 5? Hukusema. Hao toa majina yao usiku huu, uongee na wazazi wao kesho baada ya ibada, Jumatatu asubuhi muwe langoni mwa shule. Wale wadogo wa PP1, yaani chekechea, wanaweza kungoja wiki moja wakichezea mchanga wa kanisa.