Kati ya Wangapi? Jinsi ya Kujisomea Uwezekano na Takwimu Mtandaoni

Kozi za mwanzo za uwezekano na takwimu mtandaoni zinafanana sana. Zinaanza na wastani, majedwali na grafu, mambo ambayo aliyefanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, bado anayakumbuka, na mwanafunzi anajiona yuko sawa. Kisha unaingia uwezekano wenye masharti, yaani uwezekano wa jambo ukishajua jingine limetokea, na hapo ndipo wengi huachia njiani. Hesabu zenyewe si ngumu: ni kuzidisha, kugawanya na kujumlisha. Shida ni kwamba mtu ametazama video moja baada ya nyingine bila kushika kalamu, na swali la kwanza linalomtaka aamue agawanye kwa namba ipi linamkuta mikono mitupu.

Ukiwa na swali moja tu la kujiuliza katika somo hili, liwe hili: kati ya wangapi? Kila uwezekano ni sehemu ya kundi fulani. Lijue kundi kwanza, fomula utaielewa baadaye. Usipolijua, hata fomula uliyoikariri neno kwa neno itakupa jibu la swali jingine.

Kuhusu kuchagua kozi, pima hesabu zako kabla ya kujiandikisha. Jaribu mambo mawili kwenye karatasi. La kwanza, tanua (a + b) kwa kipeo cha 4. Ukipata vizidishi 1, 4, 6, 4, 1, uko tayari kwa kozi ya kawaida. La pili, tafuta eneo lililo chini ya mstari y = 2x kuanzia 0 hadi 1 kwa kutumia intigrali. Ukipata 1 bila kusumbuka, unaweza kujaribu kozi nzito. Stat 110 ya Chuo Kikuu cha Harvard, inayofundishwa na Joe Blitzstein, iko YouTube bila malipo, mihadhara 34, na ni hazina kweli kweli. Ila inadai kalkulasi, sawa na kozi ya uwezekano ya chuo cha MIT. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika vyuo vikuu vya Maseno, Egerton au Masinde Muliro, au muuguzi na afisa wa kaunti anayetaka kuelewa ripoti anazoletewa mezani, anzia tovuti ya Khan Academy. Ni bure na ina mazoezi mafupi baada ya kila mada. Kozi zenye cheti zisome masharti kwanza: mara nyingi video ziko wazi kwa muda maalum, na mitihani ni ya waliolipa.

Bando nalo lipangie. Mwalimu anayeandika ubaoni hahitaji picha kali; 360p inatosha, na saa moja hula takriban MB 300. Ukiiachia simu ijichagulie yenyewe, saa hiyohiyo inaweza kula mara tatu ya hapo au zaidi. Pakua video za wiki nzima siku moja ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo au ya maktaba.

Sasa namna ya kusoma. Kila dakika 10 za video zilipie dakika 30 za kalamu. Mwalimu akisoma swali, simamisha video, andika jibu lako hata kama unabahatisha, ndipo uendelee. Kesho yake fungua ukurasa mtupu ufanye swali lilelile bila kuangalia ulichoandika jana. Likikushinda, hukulijua, ulimfuata mwalimu tu alipokuwa akilifanya. Mifano mingi ya kozi hizi ni ya Kimarekani, besiboli na karata 52. Karata jifunze, maana hazikwepeki: aina nne, kila aina karata 13. Besiboli ibadilishe iwe kitu unachokijua na uache namba zilivyo.

Tukae kidogo kwenye uwezekano wenye masharti, kwa kuwa ndiko kwenye mtego. Chukua kipimo cha haraka cha malaria. Tuseme, kwa ajili ya zoezi tu, kwamba kati ya watu 100 wenye malaria kinawagundua 95, na kati ya watu 100 wasio nayo kinawasingizia 5. Mtu amepimwa na mstari wa pili umetokea. Uwezekano kwamba ana malaria kweli ni upi? Karibu kila mtu hujibu asilimia 95, na anakosea. Ile 95 ilihesabiwa kati ya wagonjwa. Swali linauliza kati ya waliopatikana chanya. Hayo ni makundi mawili mbalimbali.

Usikimbilie fomula ya Bayes, ile ya kugeuza uwezekano wenye masharti. Chora jedwali la watu 10,000. Katika kituo cha afya kando ya ziwa, tuseme watu 20 kati ya kila 100 wanaokuja kupimwa wana malaria. Basi wagonjwa ni 2,000 na wasio nayo ni 8,000. Kipimo kitaonyesha chanya kwa wagonjwa 1,900 na kwa wazima 400, jumla 2,300. Gawanya 1,900 kwa 2,300 upate karibu 0.83. Sasa kipeleke kipimo kilekile Nakuru, kwenye baridi ambako malaria ni adimu, tuseme mtu 1 kati ya 100. Wagonjwa ni 100, na 95 kati yao watakuwa chanya. Wazima ni 9,900, na 495 kati yao watakuwa chanya pia. Jumla ya chanya ni 590, na 95 ukigawanya kwa 590 ni 0.16. Kipimo hakijabadilika hata kidogo. Waliobadilika ni watu wanaopimwa.

Rudia jedwali hilo kwa namba zako mwenyewe mpaka mkono uzoee, ndipo ufungue fomula na uoneshe kila sehemu yake imetoka kisanduku kipi. Kosa la kawaida hapa ni kugawanya kwa wagonjwa peke yao na kuwasahau wazima waliosingiziwa. Ndio maana jedwali ni bora kwa anayeanza: hao 495 huwezi kutowaona.

Mada inayofuata ni matukio huru, na huku kwetu magharibi mwa Kenya mfano uko nyumbani. Wazazi wawili wakiwa wote wamebeba jeni ya selimundu (sickle cell) bila wao kuugua, kila mimba ina uwezekano wa 1/4 wa kuleta mtoto mwenye ugonjwa. Watu wakisikia moja kati ya nne, hudhani mmoja akishazaliwa mgonjwa, watatu wanaofuata wako salama. Sivyo, na familia zinastahili kuambiwa hivyo waziwazi. Mimba ya pili haijui yaliyotokea kwenye ya kwanza. Inaanza upya na 1/4 yake.

Kwa watoto wanne, uwezekano kwamba hakuna hata mmoja mgonjwa ni 0.75 ikizidishwa yenyewe mara nne, yaani 0.316. Angalau mmoja mgonjwa: 1 toa 0.316, ni 0.684. Mmoja tu hasa: 4 × 0.25 × 0.75 × 0.75 × 0.75, karibu 0.42. Kila uonapo neno “angalau”, hesabu kwanza uwezekano wa kutopata kabisa, kisha uutoe kwenye 1. Anayejumlisha 1/4 mara nne hupata 1, kana kwamba lazima mmoja augue. Jijaribu kwa watoto watano: utapata 1.25, na uwezekano hauvuki 1 kamwe.

Thamani tarajiwa, yaani wastani wa unachopata ukirudia jambo mara nyingi, ndiyo mada ambayo vijana wengi tayari wanailipia bila kujua jina lake. Tuseme kwenye kamari ya mpira mechi ina odi, yaani namba ambayo dau lako huzidishwa nayo ukishinda, ya 2.10 kwa wenyeji, 3.20 kwa sare na 3.40 kwa wageni. Gawanya 1 kwa kila odi: 0.476, 0.3125 na 0.294. Jumla ni karibu 1.083. Matokeo yote kwa pamoja yalipaswa kufika 1, hiyo 0.083 iliyozidi ndiyo chanzo cha faida iliyokwisha kupangiwa kampuni ya kamari. Gawanya 1 kwa 1.083 upate karibu 0.9235. Ikiwa odi hizo zimepunguzwa kwa kiwango kimoja kutoka kwenye uwezekano halisi, kila shilingi 100 unazoweka hurudi kwa wastani kama 92. Ukiweka jamvi, yaani dau moja linalounganisha mechi kadhaa, la mechi tano za namna hiyo, zidisha 0.9235 yenyewe mara tano: 0.67. Shilingi 100 zimekuwa 67 kabla mpira haujachezwa. Jamvi linavyorefuka ndivyo hasara tarajiwa inavyokua, hata kama ushindi ulioandikwa chini unang'aa.

Upande wa takwimu, wastani na namba ya kati havitakusumbua. Mchepuko wastani, kipimo cha jinsi data ilivyotawanyika, huwasumbua wengi kwa sababu ya kikokotoo. Tuseme wauzaji watano wa soko la Kibuye, Kisumu, wanauza gorogoro ya omena kwa shilingi 200, 210, 230, 220 na 240. Kwenye Casio fx-82MS, bonyeza MODE kisha 2. Futa data ya zamani: SHIFT, CLR, 1, halafu alama ya sawasawa. Hatua hii ikirukwa, namba za swali lililopita zinabaki ndani na wastani wako unaharibika bila onyo lolote. Ingiza 200 M+, 210 M+, na kuendelea hadi mwisho. Kioo kitaonyesha idadi, nayo iwe 5. Kisha SHIFT, 2, 1 na sawasawa kwa wastani: 220. SHIFT, 2, 2 inatoa 14.14. SHIFT, 2, 3 inatoa 15.81.

Ya pili ni σn, inayogawanya kwa 5. Ya tatu ni σn−1, inayogawanya kwa 4. Ikiwa hao watano ndio wauzaji wote unaowazungumzia, chukua 14.14. Ikiwa ni sampuli ya soko zima, chukua 15.81, kwa sababu tofauti zilipimwa kutoka wastani wa sampuli yenyewe, na wastani huo daima uko karibu na namba zake kuliko wastani wa soko. Kwenye Google Sheets ni STDEV.P na STDEV.S. Mitihani ya kozi hizi hupenda kuuliza hapo.

Kwenye sampuli, kumbuka kanuni ya haraka: kwa asilimia za kura au maoni, kosa la juu, mara 95 hivi kati ya 100, ni takriban 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha ukubwa wa sampuli. Watu 100 hutoa kosa la asilimia 10 juu au chini, watu 400 asilimia 5. Ukubwa wa kaunti hauingii kabisa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,155,574 Kisumu na 2,162,202 Nakuru, na kote sampuli ya 400 ina kosa lilelile, mradi wamechaguliwa kwa bahati nasibu. Ukisimama steji ya Kondele asubuhi ukauliza wapita njia 4,000, umepata maoni ya wanaopita Kondele asubuhi. Wingi wao hauponyi hilo.

Mwisho wa kozi utakutana na thamani ya p, na pale swali letu linarudi kwa nguvu. Thamani ya p ya 0.03 haisemi kuna asilimia 3 tu kwamba dhana ya “hakuna tofauti” ni kweli. Inasema: tukichukulia hakuna tofauti yoyote, majaribio 3 kati ya 100 yangetoa matokeo kama haya au makali zaidi. Kulichanganya hilo ni lilelile kosa la kipimo cha malaria, kugeuza kundi linalogawanya.

Lione kwa macho yako. Sarafu ya shilingi moja iliyo sawa, ikirushwa mara 100, ina uwezekano wa karibu 0.028 wa kutoa twiga mara 60 au zaidi. Fungua Google Sheets, andika =BINOM.INV(100,0.5,RAND()) kwenye A1, uivute hadi A40. Sasa una darasa la wanafunzi 40, kila mmoja amerusha sarafu yake mara 100. Kwenye B1 andika =COUNTIF(A1:A40,">=60"). Kisha hariri kisanduku chochote mara kadhaa ili namba zijipange upya. B1 itaonyesha zaidi 0, 1 au 2, na mara mojamoja 3, ilhali sarafu zote ni safi.