Mtoto kalala, mimi macho makavu

Pole sana, dada, na hongera ya mtoto. Unasema kichanga wako ana wiki 6, analala saa 3 mfululizo, nawe unakodolea dari ukimsikiliza anavyohema. Nimepitia hayo. Nilikuwa naamka kuhakikisha anapumua, narudi kitandani, kisha nasikia kilio ambacho hakipo.

Jambo la kwanza, ile "lala mtoto akilala" isikutese. Usingizi haulazimishwi. Homoni zimeshuka ghafla baada ya kujifungua, mwili unatoka jasho usiku, akili iko zamu. Ukikaa kama dakika 20 bila usingizi, toka kitandani, keti penye mwanga hafifu, rudi ukianza kusinzia. Saa igeuzie ukutani. Mimi kupiga hesabu ya saa zilizobaki ndiko kulikonimaliza. Kahawa iishie asubuhi.

Lakini kilichonisaidia kweli ni kugawana usiku: baba mtoto au ndugu ashike zamu ya kwanza, chumba kingine, wewe upate saa 4 au 5 bila kusikiliza chochote. Kama unanyonyesha, kamua maziwa mapema.

Dawa za usingizi usinunue kiholela; muulize daktari. Ukiona huzuni au hofu haziondoki kwa wiki 2, mweleze mkunga wako. Na ukikesha usiku kadhaa bila hata kuhisi uchovu, ukasikia sauti za watu wasiokuwepo, au ukawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, nenda hospitali siku hiyohiyo, usiende peke yako.