Anajikuna usiku kucha

SWALI: Daktari, shikamoo. Mume wangu anaumwa ini, macho ya njano. Usiku hujikuna viganja na nyayo mpaka shuka linaingia damu. Vidonge vya mzio havimsaidii kitu. — Mama wa Chumbageni, Tanga

JIBU: Marahaba mama. Havisaidii kwa kuwa huo si mzio. Mwili hujitengenezea kemikali za kutuliza maumivu, jamaa za mofini, ile dawa kali ya maumivu. Nyongo ikikwama, kemikali hizo huongezeka kwenye damu na kuchangia muwasho huo. Ndiyo maana naltreksoni, dawa inayozizuia, huwapa nafuu baadhi ya wagonjwa, ingawa kwa kawaida tunaanza na kolestiramini, dawa ya unga inayonasa asidi za nyongo tumboni. Je, anameza tramado, dawa ya maumivu iliyo jamaa ya mofini? Amwambie daktari wake mapema. Ikikutana na naltreksoni ni jasho, kutetemeka na kutapika. Kucha mkate leo hii.