Baridi ikipungua kule kaskazini, nani anakula bata?

Tangu niseme Aktiki, yaani kaskazini kabisa ya dunia, inapata joto karibu mara 4 kuliko wastani wa dunia, maswali yamemiminika. Nimeokota machache.

*Mkuu, watu wa Siberia na Kanada si wachekelee tu? Joto likija si wanalima hadi ngano?*

Wapo wanaochekelea na wana haki. Kusini mwa Greenland watu wanalima viazi, na msimu ukirefuka hata wiki mbili kwa mkulima ni neema tupu. Kusini mwa Uingereza nako mizabibu ya divai imeshamiri. Ila joto haliji na udongo, ndugu yangu. Sehemu kubwa ya kaskazini mwa Kanada barafu ya zama za kale iliparua udongo wote ikausukuma kusini, ikaacha mwamba, maziwa na vinamasi, na chini ya misonobari udongo ni mwembamba una asidi, sasa hapo ngano unapanda wapi? Udongo wa maana unachukua maelfu ya miaka kujitengeneza. Halafu kuna jua, hata joto lipande vipi Desemba kule giza ni lile lile, maana dunia haijaacha kuinama.

*Na meli? Nasikia zitakatiza juu huko ziachane na mfereji wa Suez.*

Ramani inavutia kweli. Rotterdam hadi Yokohama kwa Suez ni kilomita 20,000 na kitu, kupitia pwani ya Urusi ni 13,000 na kitu. Mwaka 2018 meli ya kontena Venta Maersk ilipita huko. Lakini wenye kontena wanataka ratiba, na barafu haina ratiba, na ukikwama msaada uko mbali. Wanaofaidi hasa ni wenye gesi na mafuta, yaani kile kile kilicholeta joto, sijui tucheke au tulie.

*Ardhi iliyoganda ikiyeyuka si ndo mashamba yenyewe hayo?*

Hili ndo swali nililokuwa nalisubiri. Karibu theluthi mbili ya Urusi iko juu ya ardhi iliyoganda mwaka mzima, na watu wamejenga juu yake wakiichukulia kama zege. Pale Yakutsk, mji wa Siberia, majengo mengi yamesimama juu ya nguzo ndefu, chini wanaacha uwazi ili joto la nyumba lisiyeyushe ardhi. Sasa joto likitoka juu angani, unaliziba na nini? Mei 2020 huko Norilsk, mji mwingine wa Siberia, tenki la dizeli lilitoboka nguzo zake zilipotitia, zikamwagika tani kama 20,000, nyingi zikaishia mitoni. Kampuni ikasema ni ardhi kuyeyuka, wakaguzi wakasema hata ujenzi ulikuwa na kasoro, mimi naona vyote viwili, maana kasoro iliyokuwa inabebwa na barafu haibebwi na tope. Na Kanada kuna malori yanayopita juu ya maziwa yaliyoganda kupeleka mafuta migodini na vijijini, baridi ikifupika muda wa kuitumia barabara nao unafupika, mzigo unapanda ndege na bei inapanda nao. Kwa hiyo baridi kule ilikuwa msingi wa nyumba na ilikuwa barabara, watu wanahesabu faida za kuipoteza wanasahau ilikuwa inafanya kazi.

*Bili za kupasha nyumba joto zitashuka lakini?*

Zitashuka, hapo sibishi, na wanaokufa kwa baridi watapungua. Ila baridi kali ilikuwa inaua na wadudu pia. British Columbia, jimbo la magharibi mwa Kanada, mende wa misonobari waliponea baridi zilizolegea wakashambulia misitu zaidi ya hekta milioni 15.

*Kwa hiyo nihamie Siberia au nisihamie?*

Verkhoyansk, mji wa huko huko Siberia, iliwahi kufika karibu nyuzi −68, na Juni 2020 ikapiga 38. Koti bado utalihitaji, na chandarua pia, mbu wa kule kiangazi si wa mchezo.